Maneno ya Shangazi Yaandikwe Kama Alivyoyasema

Somo la mwenendo wa mashauri ya jinai liliniangusha mwaka wa pili wa chuo, na lilikuwa na haki ya kuniangusha. Sikulipenda. Sheria ya makosa yenyewe niliipenda, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na watu: mwizi, mlevi, mke aliyechoka, ndugu wawili na shamba la baba yao. Wakati huo nilikuwa nimeanza kuandika hadithi nyuma ya madaftari yangu, na kila kosa nililolisoma niliona ni sura ya kwanza ya riwaya. Lakini mwenendo! Nani asimame kwanza, nani aulizwe nini, jibu liandikwe vipi, karatasi iende wapi. Niliona ni kazi ya makarani, sheria isiyo na damu.

Mhadhiri wa somo hilo alikuwa hakimu mstaafu, mzee mwembamba mwenye koti moja la kahawia. Alikuwa akisogeza viti vya darasani vikawa mahakama, kisha akatugawia kazi. Zamu yangu ya kuwa hakimu ilipofika, mwenzangu alisomewa shitaka la kuiba kuku. Akajibu, "Nilimchukua, mheshimiwa, lakini nilijua ni wa kwetu." Mimi nikaandika: Mshtakiwa amekiri kosa. Nikampa miezi sita. Darasa likacheka, nami nikacheka.

Mzee akaja mezani pangu, akaichukua karatasi, akaisoma.

"Mwenzako amesema maneno mangapi?"

"Kama saba hivi, mwalimu."

"Wewe umeandika mangapi?"

"Matatu."

"Na katika hayo matatu, lipi ni lake?" Nikaisoma tena. "Hakuna. Umemfunga mtu kwa maneno yako. Yaliyokuwa yanamtoa umeyapeleka wapi?"

Akatueleza kanuni, na nikainakili na kuipigia mstari: katika mahakama ya mwanzo mshtakiwa akikubali shitaka, kukubali kwake kuandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri iwezekanavyo, kisha aelezwe jinsi tukio lilivyokuwa na aulizwe tena kama ndivyo. Niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Sikuielewa. Mtihani ulipoiuliza, niliandika kurasa mbili za hadithi nzuri, nikapata sapu, mtihani wa kurudia.

Likizo ilipoanza sikuthubutu kwenda kwetu Ngara. Baba alikuwa ameshawatangazia watu, baada ya misa, kwamba nyumbani kwake kuna mwanasheria. Nikashuka Biharamulo mjini, nikapanda pikipiki hadi Kaniha kwa shangazi.

Huyu ni dada mkubwa wa baba. Aliolewa Kaniha akitokea vilima vya Ngara kabla sijazaliwa, akafiwa na mume, akabaki na shamba la maharage na mihogo, migomba kidogo na mbuzi wanne. Miaka yangu yote ya sekondari nililala nyumbani kwake. Hakuniuliza kwa nini sijaenda kwa wazazi. Alinitazama juu hadi chini akasema kwa Kihangaza chetu, "Umekonda. Au hizo sheria ndizo zinazokula, wewe unatazama?" Akaniwekea sahani.

Siku ya tatu tulikuwa tunapura maharage uani. Akaingia ndani, akarudi na kitabu chake cha nyimbo za kanisani, na katikati ya kurasa palikuwa na karatasi imekunjwa mara nne.

"Nisomee. Mimi nimeona muhuri tu."

Ilikuwa samansi ya mahakama ya mwanzo. Shangazi yangu, mwenyekiti wa jumuiya ya wanawake, alikuwa anashitakiwa kwa kuharibu mali kwa makusudi: migomba saba ya jirani yake, iliyokatwa kwa panga. Alitakiwa kufika Jumatano ya wiki iliyofuata.

"Shangazi, uliikata?"

"Mimi? Nikate mgomba wa mtu?" Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama huwa anachoma makanisa. Kwetu, kumkatia mtu migomba ni kumwambia kwamba hutaki watoto wake wale. Mwenye jina la mkata migomba hata salamu hupewa kwa mbali, na jina halimwachi; linahamia kwa wanawe. Shangazi alikuwa na wana wawili ambao bado hawajaoa.

"Basi kwa nini anasema ni wewe?"

"Kwa sababu nilikwenda kumwomba radhi."

Nikaacha kupura. Akaendelea yeye, fimbo ikipanda na kushuka, huku akinisimulia kama mtu anayesimulia safari ya sokoni. Asubuhi ile mbuzi wake walikuwa wamekata kamba. Walirudi wenyewe, majani ya maharage yakiwaning'inia midomoni. Muda huo huo akasikia jirani analia kwa sauti upande wa pili wa uzio wa minyaa. Shangazi hakungoja. Alichukua kibuyu cha pombe ya ndizi, akazunguka nacho uzio, akapiga magoti mbele ya jirani na kusema: kilichotoka kwangu kimekuharibia, nisamehe.

"Na yeye alikuwa analilia nini?"

"Migomba. Maharage alikuwa hata hajayafikia."

"Hukumuuliza kwanza?"

"Unamuuliza mtu analia? Unapiga magoti kwanza. Kuulizana kunakuja mkishakunywa."

Nilimwelewa, kwa kuwa nimekulia kwenye desturi hiyo. Kwenye vilima vyetu, mwenye nyumba akisikia kilio cha jirani na akajua kwake kuna kitu kimetoka, awe ng'ombe, mtoto au maneno, anatangulia na radhi. Mwenzake anapokea kibuyu, wanakaa, na hapo ndipo wanachambua nini kilitokea na nani alifanya. Hakuna anayeyaweka yale magoti akiba ili ayatumie baadaye. Lakini jirani huyu alikuwa amehamia Kaniha miaka michache tu nyuma, akitokea Usukumani na familia yake na jembe lake la ng'ombe. Kwao, alikuja kuniambia mwenyewe, mtu akipiga magoti anajua kwa nini; kibuyu hakukipokea, alikwenda kushitaki.

"Sasa Jumatano utasema nini?" nikauliza.

"Nitasema nimekosa. Anisamehe, nirudi nivune."

"Shangazi, ukisema hivyo unafungwa."

"Kwa kuomba radhi?"

"Kwa kuomba radhi."

Alicheka mpaka akaiweka fimbo chini. "Hayo ndiyo wanayowafundisha huko? Rudini mkadai karo."

Siku zote zilizobaki nilimsumbua. Wakati wa kuchota maji, wakati wa kumenya mihogo: "Sema si kweli, shangazi. Maneno mawili tu." Na yeye kila mara: "Nisimame mbele ya watu, nimwambie mtu mzima mwenzangu ni mwongo? Halafu kesho nikimwomba moto wa kuwashia jiko atanipa?" Siku ya mwisho nilipandisha sauti. Akasema taratibu, "Mwanangu, wewe unataka nishinde. Mimi nataka niishi hapa."

Jumatano tulifika mapema. Karani wa mahakama alikuwa mama wa makamo, mtoto wa wafanyabiashara wa Kiislamu wa pale mjini ambao mababu zao walitoka pwani na nguo za kuuza, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kanga iliyopigwa pasi. Nilimfuata dirishani nikamwamkia. Nikamnong'oneza kwamba mimi ni mwanafunzi wa sheria, kwamba mshtakiwa ana desturi fulani, kwamba labda ningeandika maelezo mafupi apelekewe hakimu.

"Marahaba," akasema. "Wewe ni wakili?"

"Bado."

"Shahidi?"

"Hapana."

"Basi una kazi moja tu hapa, babu'ngu, nayo ni kukaa kwenye benchi. Kaa. Mahakama ina masikio yake." Kisha, pengine kwa kuniona nilivyoiva uso, akaongeza, "Na umtafutie bibi kivuli asimame. Jua la hapa halina adabu."

Hakimu alikuwa mwanamke kijana, hakunizidi miaka mingi. Shangazi alipoitwa alisimama kizimbani na kitenge chake cha kanisani. Shitaka likasomwa kwa Kiswahili, polepole, na hakimu akamuuliza kama anakielewa Kiswahili au atafutiwe mkalimani.

"Naelewa, mama. Cha sokoni nakijua."

"Umelisikia shitaka. Ni kweli au si kweli?"

Nilifumba macho.

"Nimekosa, mheshimiwa. Naomba jirani anisamehe, turudi nyumbani."

Benchi lililokuwa nyuma yangu likaguna. Mtu mmoja akasema, "Kumbe." Kwa neno hilo moja nilisikia jina la mkata migomba likishuka juu ya kichwa cha shangazi na kuanza kutembea kuelekea kwa wanawe. Nikafumbua macho nikautazama mkono wa hakimu. Ulikuwa unaandika. Sijawahi kuutazama mkono wa mtu kwa hofu kiasi kile. Nilijua maneno matatu huchukua muda gani kuandikwa, kwa sababu niliwahi kuyaandika. Mkono ukafika hapo, haukusimama. Ukaendelea.

Hakimu akainua karatasi. "Nimeandika hivi: Nimekosa, mheshimiwa. Naomba jirani anisamehe, turudi nyumbani. Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo, mama."

"Vizuri. Sasa mlalamikaji ataeleza kilichotokea, nawe utaniambia kama ni kweli."

Jirani akasimama, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa. Akaeleza kwamba aliamka akakuta migomba yake saba, mingine imeshabeba, imekatwa kwa panga, na kwamba aliyekata ni mama huyu.

"Ni kweli hayo?" hakimu akamuuliza shangazi.

"Kwamba imekatwa ni kweli kabisa. Niliiona mwenyewe. Nilimhurumia sana."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.

"Nani aliikata?"

"Hilo mimi nitalijuaje, mama? Waulizwe waliokuwepo."

"Si wewe?"

"Mimi na mgongo huu? Hata ya kwangu naomba vijana wanikatie."

"Basi umekosa nini?"

"Mbuzi wangu wamekula maharage yake. Wote wanne. Yule dume ndiye aliyewaongoza."

Jirani akageukia kizimbani, akasahau kwamba yuko mahakamani. "Kumbe ni wale wa kwako? Mimi nimemlaumu mzee wa kule bondeni mpaka leo!"

"Ni wangu. Ndiyo maana nilikuja."

Karani akagonga meza. Hakimu akaandika tena, kwa muda mrefu, kisha akatamka kwamba mshtakiwa hakukubali shitaka alilosomewa, kwamba anakana kosa, na kwamba kesi itasikilizwa baada ya wiki mbili. Akampa dhamana. Nikasaini mimi kama mdhamini. Ndiyo karatasi ya kwanza ya mahakama niliyowahi kutia sahihi.

Kusema kweli nilikuwa nimekaa pale na aibu. Wiki nzima nilijaribu kumbadilisha shangazi maneno, nimpe ya kwangu mawili yaliyo salama, na huyu hakimu kijana alifanya jambo jepesi zaidi na gumu zaidi: aliyaacha ya kwake yote yakae kwenye karatasi, akayafuata yalikokwenda. Usiku ule ule ningeweza kwenda kufanya mtihani. Niliufanya mwezi uliofuata na nikafaulu, nikimshukuru moyoni mzee wa koti la kahawia, ambaye alikuwa ameniambia yote haya kwa mfano wa kuku mmoja.

Lakini kesi ilikuwa bado. Wiki mbili zile shangazi alikwenda kwenye jumuiya yake akakuta nafasi imeachwa wazi kila upande wa mkeka wake. Hakuniambia, niliambiwa na watu. Yeye alirudi akaniuliza tu, "Hao mahakimu huwa wanasahau tarehe?"

Siku ya kusikilizwa jirani alitoa ushahidi wake mwenyewe. Hakuwa na shahidi mwingine.

"Ulimwona akikata?" hakimu akauliza.

"Sikumwona."

"Ulijuaje ni yeye?"

"Alileta pombe, mheshimiwa. Alipiga magoti. Mtu hapigi magoti bure."

Hakimu akamgeukia shangazi. "Una haki ya kumuuliza maswali. Unalo?"

Nilikuwa nimemwandalia maswali matano, nikamkaririsha. Hakuuliza hata moja kati ya hayo. Alimtazama jirani kama wanavyotazamana watu waliokaa kwenye vigoda, akaanza kwa kumjulia hali mkewe.

"Mama watoto amepona mguu?"

"Amepona," jirani akajibu, akiwa hajui ajibu au asijibu.

"Tunashukuru. Siku nilipokuja kwako, nilitaja migomba?"

"Hukuitaja."

"Nilisema nini?"

Jirani akafikiri. Ilionekana wazi kwamba alikuwa mtu mkweli na kwamba ukweli unamsumbua. "Ulisema kilichotoka kwako kimeniharibia."

"Na nini kilikuwa kimetoka kwangu?"

Nje mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki, ikikohoa na kuzimika.

"Mbuzi," jirani akasema hatimaye. Kisha akamgeukia hakimu bila kuulizwa. "Mheshimiwa, mimi migomba yangu imekatwa. Hiyo haijabadilika. Lakini kwa huyu mama, sasa sijui."

Hakimu alisoma uamuzi wake mchana ule ule. Ushahidi wa mlalamikaji haukumgusa mshtakiwa, kwa hiyo hana kesi ya kujibu; anaachiwa huru. Maneno machache. Nilikuwa nimeyasoma mara nyingi chuoni kwa Kiingereza, yakiwa makavu kama maganda. Pale niliyasikia yakiingia mgongoni mwa shangazi, na mgongo ukanyooka. Tulipotoka, wanawake wawili wa jumuiya waliokuja kutazama walimfuata, mmoja akamshika mkono wa kulia, mwingine akambebea mkoba, wakaanza kumweleza habari za kwaya kana kwamba zilikatika jana tu.

Nani aliikata ile migomba, sijui. Hadi leo hajajulikana.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta shangazi shambani na jembe. Alikuwa anang'oa machipukizi ya migomba yake mizuri, yale ya ndizi za kupika, anayapanga kwenye majani mabichi.

"Ya nani hayo?"

"Ya jirani. Amepoteza saba. Ninayo mazuri matano."

"Shangazi! Ana siku thelathini za kukata rufaa. Ukimpelekea migomba leo, atasema umekiri. Subiri kwanza siku ziishe."

"Mvua zimeanza. Nitawaambia zisubiri rufaa?" Akang'oa lingine, akalikung'uta udongo. "Sikiliza, mwanasheria. Jana mahakama imesema mbele ya watu wote kwamba sikukata. Imeandikwa. Ningempa kabla ya jana, ingekuwa nalipa. Leo nampa tu."

Nilikuwa nimefika pale nikidhani sheria na ujirani ni mahasimu, na kwamba mmoja lazima amwangushe mwenzake. Yeye alikuwa ameichukua ile hukumu kama mtu anavyochukua chombo kizuri alichoazimwa, akaona mara moja kinafaa kwa kazi gani.

Nikayabeba yale machipukizi kichwani, tukazunguka uzio. Jirani alikuwa anachimba, akatuona, akaegemeza jembe. Alitazama mzigo, akamtazama shangazi.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Macho yake hayakutoka kwenye mzigo. "Mama, haya ni ya nini?"

"Ya kupanda."

Akangoja kusikia zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akanitazama mimi, msomi, nimtafsirie, nami nikaona jinsi ilivyo rahisi wakati ule kuongeza neno moja la kwangu na kuharibu kila kitu. Nikatua mzigo.

"Anasema ni ya kupanda," nikamwambia.

Jirani akacheka, mara ya kwanza namwona akicheka, akanipa jembe lake. Nilichimba mashimo matano. La kwanza alisema ni fupi, nikarudia. Wao wawili walikuwa wamesimama kando wanabishana kuhusu yule mbuzi dume, kama afungwe kamba mbili au auzwe kabisa, na mvua ikaanza kudondoka nikiwa kwenye shimo la tatu.